Ukuta wa Mwalimu Mkuu

Je, Mwalimu Mkuu alijua ni tofali gani lililokuwa ndani ya ukuta wake? Nimeligeuza swali hili pande zote, na kila upande umeniponyoka. Nikiamua kwamba alijua, unanijia uso wake alasiri ile vumbi lilipomwagika sakafuni, na huo haukuwa uso wa mtu aliyekuwa akijua. Nikiamua kwamba hakujua, nakumbuka jinsi alivyowakataa mafundi mmoja baada ya mwingine bila sababu iliyosimama. Sasa hayupo wa kuulizwa, na hata alipokuwepo hakuwa mtu wa kujibu swali. Alikuwa mtu wa kulirudisha kwa aliyeuliza.

Runazi nzima ilimwita mama huyo Mwalimu Mkuu, ingawa alikuwa amestaafu kabla sijahamia huko kutoka kwetu Ntobeye kuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Padri alimwita hivyo madhabahuni. Watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya yeye kukabidhi ofisi walimwita hivyo barabarani, wakishusha ndoo za maji kichwani ili wamwamkie vizuri. Nilipata nyumba jirani na yake, uzio wa minyaa kati yetu, na kwa miaka yote niliyokaa pale siku yangu ilianzia kwenye uzio huo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Afisa. Leo unakwenda kumwendeleza nani?"

Sikuwahi kufahamu kama ulikuwa utani. Uso wake haukubadilika alipoliuliza, na kama nikicheka alinisubiri nimalize, kisha akasimama palepale akitaka jibu. Basi nikajifunza kumjibu: leo kikundi cha kina mama wa mihogo, leo vijana wa nyuki. Naye angetikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, na kurudi kwenye maharage yake.

Alikuwa na namna yake ya kununua vitu. Siku ya gulio alilichukua jembe, akalining'iniza kwa kidole, akaligonga kwa pete yake ya ndoa na kusikiliza. Alifanya hivyo kwa majembe yote yaliyopangwa, huku mwuzaji akihema. "Jembe halisemi uongo," alisema. "Anayesema yuko nyuma yake." Sufuria aliijaza maji mbele ya mwenye duka na kuikalisha juu ya karatasi kavu. Maharage aliyauma. Lakini redio yake aliinunua kwa sababu ilikuwa nyekundu. Haikushika stesheni hata moja vizuri, na nilipomwuliza kwa nini hakuijaribu dukani, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. "Redio ni maneno tu, Afisa. Maneno unayajaribuje?"

Ukweli ulikuwa somo lake, hata katika miaka ambayo hakuwa tena na darasa. Mwendesha bodaboda mmoja wa senta, mwanafunzi wake wa zamani, aliniambia: "Ukikubali kosa, alikupa ufagio. Ukikana, alikupa ufagio halafu akakaa pale akikutazama mpaka umalize. Ule wa kutazamwa ndio ulikuwa mzito." Na mimi niliyemjua uzeeni nilimwona akimsahihisha msomaji katikati ya sala za jumuiya, kwa sababu tu aliruka mstari. Aliwasahihisha pia wote waliochanganya r na l, yaani karibu sisi sote, tuliokijua Kiswahili shuleni baada ya kukijua Kihangaza au Kisubi jikoni. Yeye mwenyewe alizitenganisha herufi hizo kwa uangalifu wa mtu anayepepeta mchele. Lakini akikasirika ulimi wake ulirudi kwao, na "leta hapa" ikawa "reta hapa," na hakuna aliyethubutu kutabasamu.

Mtu huyohuyo alikuwa mwongo mkubwa wa magoti yake. Mwanawe akimpigia simu kutoka Mwanza, Mwalimu Mkuu alimwambia kwamba ndiyo kwanza anatoka shambani, mahindi yamestawi, miguu ni ya msichana. Nilikuwa nimeketi naye, nikimwona ameushika ukingo wa meza kwa mkono wa pili ili asiyumbe kwenye kiti. Sauti aliyoitumia ilikuwa ileile aliyosomea waraka kanisani. Haikutetemeka wala haikupungua. Nilikuwa nikirudi nyumbani siku kama hizo nimechanganyikiwa, nikijiuliza kama mtu anaweza kuupenda ukweli kwa moyo wote na bado akawa na chumba kimoja ambamo hauruhusiwi kuingia.

Halafu ilikuwapo nyumba. Ilisimama kando ya barabara, plasta yake laini kama ganda la yai, imepakwa rangi ya samawati chini na nyeupe juu. Mumewe, bwana mifugo, ndiye aliyeisimamia, wakati yeye akifundisha Nyantakara na kurudi nyumbani likizo tu. Mume alifariki kabla sijafika Runazi. Namjua kwa sentensi moja ambayo mjane wake aliirudia kila alipopata mgeni: "Mimi nilileta wazo, yeye akaleta moto." Akishasema hivyo aliupiga ukuta kwa kiganja. "Moto umepita hapa."

Sentensi hiyo niliitumia kazini kwa miaka. Kina mama niliotaka wajenge nyumba bora niliwapeleka kwa Mwalimu Mkuu badala ya kuwasomea vipeperushi. Aliwaketisha sebuleni akawaeleza habari za tanuri: jinsi matofali yanavyopangwa, jinsi kuni zinavyolishwa, kwa nini tofali bichi linarudi kuwa tope na tofali lililochomwa halirudi. Kisha aliwapitisha ukutani mmojammoja waupige kwa viganja vyao. Wengi walikwenda wakachoma matofali. Nikipita leo katika vitongoji vya kata ile nazijua nyumba zilizozaliwa kwenye sebule hiyo.

Mvua za mwaka jana zilimwangusha. Aliteleza ndani ya nyumba, kati ya chumba chake na bafu ambalo mwanawe alikuwa amemjengea mwisho wa sebule, akalala sakafuni mpaka nilipokuja kumwamkia. Hakuvunjika kitu, ila uso ulikuwa umevimba upande mmoja, na safari hii simu ya Mwanza haikuweza kudanganywa. Mwanawe alinipigia mimi.

"Dada, sitaki kumlazimisha," alisema. "Lakini sitaki pia kupigiwa simu ya msiba. Naomba awekewe bomba la kushikia, kutoka chumbani hadi bafuni. Mwisho wa mwezi nakuja. Nitalishika bomba hilo na kuning'inia kwa uzito wangu wote. Likicheza, naondoka naye."

Nilimpelekea Mwalimu Mkuu maneno hayo jinsi yalivyo. Akasema, "Mwanza nitawekwa ghorofani kama nguo iliyoanikwa. Huku nikikohoa, mtu barabarani anauliza kulikoni. Kule nani atauliza?" Hakulia. Lakini aliniomba nimletee maji, na alipoyapokea hakuyanywa.

Hapo ndipo alipoanza kuwakataa mafundi. Seremala hakumfaa kwa sababu anapiga mluzi akiwa kazini. Mwashi alifeli hesabu darasani kwake. Fundi umeme anaongea sana. Nilipomwambia kwamba tumebaki bila fundi, alinishangaza. "Nunua mashine yako ya kutobolea, Afisa. Una shahada na una kuta nne. Utaihitaji hata kwako. Chukua ya betri, tusije tukasubiri umeme urudi."

Nikaenda Biharamulo mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, bwana mnene aliyekuwa akila karanga, aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko Ngara na hajui kutoboa. Akacheka, akaanza kuzipanga drili mezani.

"Hii ya volti kumi na mbili ni nyepesi, ya mbao na makabati. Hii ya kumi na nane ina nguvu, na ina nyundo ndani."

"Nyundo iko wapi?"

"Huioni, mama. Ukigeuza hapa, inazunguka huku inagonga. Tofali la kuchoma halitaki upole. Na hii nyingine haina kaboni."

"Kukosa kaboni ni sifa au ni kasoro?"

"Ni sifa. Hakuna kinachosuguana ndani, mota haichoki haraka."

"Mbona mnaisifu kwa kitu ambacho haina?"

"Mbona mke asiye na maneno tunamsifu?"

Nikamwambia amwulize mkewe. Akasema angejaribu, ila alitaka kula jioni hiyo.

Kisha zikaja biti, vile vyuma vya kutobolea, na hapo akili yangu ikagoma kabisa. Za mbao zina kijino kilichochongoka katikati ya ncha. Za chuma ni kali tu, bila kijino. Za ukuta zina kipande cha chuma kigumu kilichobanwa kichwani, kipana kidogo kuliko mwili wake. Alinieleza haya, akazichanganya mkononi, akaniambia nichague ya ukuta. Nikatoa ya chuma. Akazichanganya tena. Nilijiona nimerudi darasa la kwanza, na sikujua nimekuja kununua mashine au kufanya mtihani. Nikimsikiliza habari za ampea za betri, kila alichosema kilifuta kile cha kabla yake, mpaka nikabaki na swali lake moja tu ambalo nililielewa.

"Huo ukuta ni wa nini?"

Nikampigia simu Mwalimu Mkuu, ingawa jibu nililijua. "Anauliza ukuta ni wa nini, Mwalimu."

Kulikuwa na kimya kifupi. Nilidhani ni mtandao.

"Mwambie moto umepita," akasema.

Nikanunua ile ya volti kumi na nane yenye nyundo, betri mbili, na kifuko cha biti za kila aina ambamo za ukuta ndizo zilizokuwa nyingi. Mwenye duka akaongezea vile vibomba vya plastiki vinavyotangulia kuingia tunduni ili skrubu ishike. "Hapo hata ng'ombe unaweza kumfunga," alisema.

Alasiri ya siku iliyofuata Mwalimu Mkuu aliketi katikati ya sebule, bomba la chuma limelala mapajani mwake. Nilipima kwa pima maji, nikaweka alama kwenye ukuta unaotazama barabara, kwa kuwa ule wa pili una milango ya vyumba. Nikageuza kitufe cha nyundo. Nikakaza miguu, nikiwa tayari kusukumana na tofali.

Biti ilikwaruza plasta kwa kelele, kisha ikazama. Sikupata neno jingine: ilizama, kama mwiko kwenye uji, na mimi nikaifuata hadi bega langu likagonga ukuta. Nilipoivuta, udongo uliifuata, ukaendelea kumwagika hata baada ya mashine kunyamaza. Haukuwa mwekundu kama unga wa tofali lililochomwa. Ulikuwa wa kahawia, rangi ya njia.

"Nimegonga kiungo," nikasema. "Katikati ya tofali na tofali."

Nikasogea pembeni, nikatoboa tena, na biti ikazama tena. Nikatoboa juu. Nikaingiza kibomba cha plastiki na skrubu, nikaivuta kwa vidole viwili, ikatoka na kila kitu chake. Katika ule udongo sakafuni kulikuwa na kijiti cha nyasi, cha manjano, kizima kabisa. Kitu kama hicho hakipiti kwenye tanuri kikabaki.

Nilipogeuka, ndipo nilipouona uso niliousema mwanzoni. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Aliunyoosha mkono, nami nikamtilia udongo kidogo kiganjani. Aliusugua, akaunusa.

"Wa bondeni," akasema. "Pale tulipokuwa tukichota maji."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Je, ndivyo anavyosema mtu aliyegundua sasa hivi, au mtu aliyekutana tena na kitu alichokizika? Mtu aliyezoea kugonga majembe kwa pete, angeishije miaka yote ile ndani ya kuta nne bila kuzigonga na kusikiliza? Lakini kama alisikiliza na akajua, kwa nini alinituma ninunue biti za tofali la kuchoma?

"Funga mlango," akaniambia. Nikaufunga, ingawa ilikuwa mchana.

Akasema, "Mume wangu alikuwa mtu mkweli."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe hukumjua."

"Sikumjua."

"Basi usiseme ndiyo."

Nilimweleza lililobaki. Skrubu haitashika popote katika ukuta ule. Njia iliyokuwapo ni kuutoboa ukuta mpaka upande wa pili, kuweka ubao ndani wa kushikilia bomba na ubao nje, na kuvibana vyote kwa bolti ndefu. Alinielewa kabla sijamaliza, kwa sababu kila mtu wa huku anaujua ubao wa nje. Ndivyo tunavyofunga mabanda na majiko ya udongo. Anayepita barabarani akiuona haulizi ukuta ni wa nini, ameshajibiwa. Na ukuta huu ulitazama barabara inayokwenda kanisani, gulioni na shuleni.

"Nguzo sakafuni?" aliuliza.

"Utajikwaa."

"Ukiupiga ubao plasta?"

"Haitashika. Kila ukiegemea itapasuka."

"Basi ni ubao au Mwanza."

"Ndivyo ilivyo, Mwalimu."

"Wewe ungefanyaje?"

Nilitaka kusema kwamba ukuta ni ukuta. Lakini nilimwaza yule bwana mifugo nisiyemjua, ambaye kesho angeitwa mwongo na watu wasioweza kumwuliza lolote. Labda kuni zilikosekana. Labda mvua ilitangulia, naye mkewe akawa karibu kurudi likizo. Labda waliafikiana wawili hao, wakaipaka nyumba plasta na sentensi kwa pamoja. Nilisimama na mashine mkononi, nzito kuliko nilipoinunua, nikaanza kuifungua biti.

"Wale kina mama wako," akasema. "Walichoma kweli?"

"Walichoma."

"Nyumba zao zimesimama?"

"Zimesimama, Mwalimu."

Akatoa sauti fupi puani. Mpaka leo siwezi kuapa kama alicheka.

Jua lilipokuwa likizama nilikuwa nachambua mboga uani. Niliisikia fimbo yake kabla sijamwona, kisha kichwa chake kikatokea juu ya minyaa.

"Afisa. Biti zako ni fupi."

"Ni fupi."

"Fundi umeme anayo ndefu, ya kupitishia nyaya. Kesho kamwombe. Akiuliza ya nini, mwambie."

"Nimwambie nini, Mwalimu?"

"Kile anachouliza." Akageuka, na ilimchukua muda kufika mlangoni kwake.

Asubuhi nilimkuta fundi umeme akipiga mswaki nje ya nyumba yake. Aliuliza, nikamwambia. Mswaki ukasimama mdomoni.

"Ya Mwalimu Mkuu? Bichi?"

"Bichi. Njoo uone."

"Siji," akasema. Akaingia ndani, akanitolea biti, akanikabidhi bila neno, yeye aliyesifika kwa maneno.

Niliporudi, Mwalimu Mkuu alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili. Aliagiza kiti chake kiwekwe nje, kandokando ya barabara, mgongo kwa wapita njia na uso kwa ukuta. Nikamwekea mapajani ubao wa mkaratusi niliokwisha kuutoboa, nati na washa. Nikaingia ndani. Safari hii nilizima nyundo na kwenda polepole, udongo ukinimwagikia viatuni, mpaka mashine ikaacha kusukumana na kitu.

"Nimeiona," sauti yake ikasema kutoka upande wa pili.

Nikapitisha bolti. Nilipozunguka nje na spana, alikuwa ameshauvalisha ubao na anaikaza nati kwa vidole. Barabarani bwana mmoja mwenye jembe begani alikuwa amesimama na baiskeli yake.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba."

"Ubao wa nini tena huo? Si mpige skrubu tu, ukuta wenyewe ni wa kuchoma?"

Nilisubiri. Angeweza kusema lolote, na angeaminiwa. Aligeuka kwenye kiti taratibu, akaitoa ile sauti iliyozoea kufika dawati la mwisho.

"Skrubu haishiki, mwanangu. Ni tofali bichi."

"Hili?"

"Hili. Na mengine yote."

Yule bwana alinitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kulisahihisha neno hilo. Mwalimu Mkuu alichukua spana mkononi mwangu, akaipachika kwenye nati, akaikaza mpaka ubao ukalia.

"Usisimame juani, Afisa," akasema. "Ingia ndani. Toboa la pili."

Nikaingia, nikaweka biti kwenye alama iliyofuata, nikabonyeza.